Kiraka cha Bwawa la Tatu

Juma la mwisho la kazi yangu, mmoja wenu aliniuliza swali dogo tulipokuwa tunapita ukingoni mwa bwawa la tatu. Alionyesha kwa kidole ile sehemu ya ukuta iliyopigwa saruji, pana kama mlango, akasema, "Papa, hapa palipasukaka lini?" Nikamjibu kwamba ni zamani sana, kisha nikamwuliza kama amekwisha kula. Ilikuwa saa tatu asubuhi na mkononi alikuwa na mkate.

Ukuta ule haukupasuka hata siku moja. Nakuandikieni ninyi wawili mnaobaki na reki, daftari na vane, yaani kile kilango cha chuma cha kufungia maji, ili mjue kiraka kile kilifikaje pale. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara nne. Mara ya kwanza nilianza na historia ya ngozi. Mara ya pili nilimlaumu mkurugenzi. Ya tatu ilikuwa nzuri, na ndiyo sababu nikaichana, kwa maana nikiandika vizuri mno mimi huwa nimeficha kitu.

Mtaona ajabu mtu wa miaka thelathini na nne kujiita mstaafu. Hata mimi naona ajabu. Lakini daktari amesema kifua changu kimeshiba vumbi la chokaa, na kwamba nikitaka kuona nywele zangu zikiwa nyeupe kwa uzee niache kuzifanya nyeupe kwa kazi. Basi nimeacha. Nimekaa nyumbani majuma matatu, nimenyoosha kila kitu kinachonyoosheka, hata safu ya sufuria za mke wangu, naye ameniomba nitafute jambo la kuandika.

Nilifika kwenye kiwanda cha ngozi nikiwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha katikati ya sekondari kwa kukosa minerval, yaani ada, lakini nilikuwa na kitabu kimoja cha kemia cha Kifaransa kisichokuwa na kurasa za mwanzo, nikakisoma mpaka nikajua kila kitu isipokuwa kemia inaanzia wapi. Niliamini watanipeleka kwenye maabara. Nilivaa shati jeupe. Wakanipeleka mabwawani, kwa Papa Kipwe.

Papa Kipwe alikuwa Mtabwa kutoka upande wa Moba, mfupi, mwenye mikono iliyoliwa na chokaa mpaka kucha zikawa kama za ndege. Aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu.

"We mutoto wa kalasi, shati nyeupe ni ya kuonyesha nani? Ngombe ilishakufa. Haitakuangalia."

Akanipa reki. Ninyi mnaijua kazi, lakini wengine huenda wakasoma, kwa hiyo nieleze kwa ufupi. Ngozi huja kwa meli kutoka Moba zikiwa na chumvi, zimetoka kwenye ng'ombe wa milima ya Marungu. Huloweshwa, kisha hutiwa kwenye mashimo ya chokaa ili manyoya yatoke, kisha kwenye maji ya magome ya miti yanayozigeuza kuwa ngozi ya viatu. Maji yote hayo machafu lazima yaende mahali. Kwetu yalikwenda kwenye mabwawa matatu. La kwanza hushika manyoya na mafuta, la pili hushika tope la chokaa, na la tatu huyaacha maji yatulie. Kutoka la tatu maji huteremka polepole katika kijito, na kijito huingia ziwani.

Na katikati ya kiwanda na ziwa, kwenye kijito hicho, walikuwepo akina mama wenye mihogo.

Walikuwa kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa na shimo lake kando ya maji, limezungushiwa mawe, ambamo aliloweka mihogo siku tatu au nne mpaka ilainike na uchungu utoke, ndipo aianike na kuitwanga unga. Sehemu kubwa ya bukari, yaani ugali, iliyoliwa mtaa wa chini ilitoka kwenye mashimo yale. Mkubwa wao alikuwa Mama Feza, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika mpaka kwa jirani wa jirani. Shimo lake alirithi kwa mama yake.

Siku yangu ya sita Papa Kipwe alinipeleka kwao. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake tungefungua vane ya chini ya bwawa la tatu ili kulisafisha, na siku kama hiyo maji huteremka mazito kwa nusu siku, kisha kijito hujisafisha.

"Papa Kipwe," Mama Feza akamwita tukiwa bado mbali, "unatuletea habari ao unatuletea harufu?"

"Vyote viwili, Mama. Kesho tunafungua. Mutoe mihogo yenu leo."

"Na huyu wa shati nyeupe ni nani? Unaoa ao unazika?"

Akina mama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilitazama viatu vyangu. Wakatoa mihogo, wakaitia kwenye mabeseni, na Papa Kipwe akasimama pale mpaka shimo la mwisho lilipokuwa tupu. Tulipokuwa tunapanda kurudi, aliniambia sheria pekee niliyowahi kufundishwa kuhusu maji ya kiwanda: "Vane haifunguliwi na mukono. Inafunguliwa na muguu. Unashuka kwanza kwa wale wamama, unarudi, njo unashika gurudumu." Sheria nyingine, ya karatasi, sijawahi kuonyeshwa hadi leo.

Lazima sasa niwaambie habari za Citoyen Mulongo, yaani Raia Mulongo kama tulivyoitwa sote, aliyekuwa mkurugenzi wetu wakati huo. Hamkumkuta. Alikuwa mtu mkimya, abacost yake, ile suti isiyovaliwa tai, imepigwa pasi vizuri, na nyuma ya mlango wa biro yake, yaani ofisi, palikuwa na buti za mpira. Kila asubuhi saa moja, kabla hajaingia biro, alivaa buti, akaja bwawa la tatu na chupa ya limonadi tupu, ile nyeupe unayoona ndani. Alichota maji pale yanapotokea, akaishika juu kuelekea jua, akaondoka nayo. Chupa ile aliiweka juu ya meza yake, kando ya simu. Simu ilikuwa haifanyi kazi kila siku. Chupa ilifanya.

Nilishuhudia mara moja namna ilivyofanya. Nilikuwa nimepeleka daftari, na mkuu wa mashimo ya chokaa alikuwa amesimama mbele ya meza akiomba ruhusa ya kuingiza ngozi nyingine, kwa sababu meli ilileta nyingi na zilikuwa zinaanza kunuka. Maneno yake yalikuwa ya haki. Citoyen Mulongo aliigeuza tu chupa ili upande wenye tope umtazame yule bwana.

"Utakunywa?"

"Hapana, Citoyen Directeur."

"Mimi pia siwezi. Basi tungoje."

Wakangoja siku mbili. Mkuu wa chokaa alitukana sana, lakini alitukania nje.

Na kila mwezi palikuwa na salongo ya mabwawa, yaani kazi ya lazima ya wote pamoja. Jumamosi mji wote ulikuwa kwenye salongo, wengine wakifyeka majani, wengine wakifagia barabara, na kwa desturi wakubwa walisimama kivulini wakihesabu waliofika. Citoyen Mulongo alivua koti, akaingia bwawani na koleo. Mtu akimwona mkurugenzi na tope mpaka magotini, anaona haya kusema mgongo unamuuma. Karani, dereva, fundi, wote walikuwa ndani ya tope, na wote baadaye walijua bwawa la pili lina kina gani na tope lake lina uzito gani. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Mtu ambaye amebeba tope kwa mikono yake huwa mwangalifu anapolizalisha.

Mimi nilimpenda kama wengine wanavyompenda mwalimu mkali. Nilitaka aone kazi yangu. Nilizichonga kingo za mabwawa kwa kamba na rula mpaka zikanyooka kama mstari wa daftari, na wenzangu wakaniita Citoyen Rula. Asubuhi moja alisimama, akazitazama kingo muda mrefu.

"Kingo zako ni nzuri," akasema. "Mayi je?"

Siku hiyo sikula chakula cha mchana. Leo naona kwamba swali lile lilikuwa limenijua kunizidi mimi mwenyewe.

Baada ya miaka mitano alihamishwa. Tulimsindikiza mpaka kituo cha treni. Alikuwa na masanduku mawili na kikapu, na ndani ya kikapu, kati ya nguo, niliona shingo ya ile chupa. Aliondoka nayo. Hilo namlaumu, kama nina haki ya kumlaumu mtu. Hakuandika mahali popote kwamba mkurugenzi anayekuja achote maji kila asubuhi, wala kwamba salongo ya kila mwezi ni ya mabwawa. Sisi tulidhani ni desturi ya kiwanda. Kumbe ilikuwa tabia ya mtu mmoja, na tabia ya mtu hupanda treni pamoja naye.

Aliyemfuata ni Citoyen Ekanga. Mngependa nimweleze kama mtu mbaya, nami pia ningependa, ingenisaidia. Hakuwa mbaya. Alitoka Kinshasa, Kiswahili chake kilituchekesha, alikumbuka majina ya wake zetu wote, na karani alipofiwa alikaa matangani mpaka mwisho. Mabwawani alikuja mara moja, juma la kwanza, na kitambaa puani.

"Kumbe harufu njo inatokaka hapa," akasema kwa mshangao, kama mtu aliyeonyeshwa chanzo cha mto.

Kisha akaniambia hatarudi kunisumbua. Alitaka tu ripoti kila Jumatatu, ukurasa mmoja, kwa mashine. Nilifurahi kiasi cha kuona haya kuwaambia. Kupiga mashine nilijifundisha mwenyewe, jioni, kwenye mashine mbovu ya parokia isiyokuwa na herufi "r". Sasa nilipewa mashine nzima. Ripoti zangu zilikuwa na pembe sawa kulia na kushoto. Citoyen Ekanga aliziinua mbele ya wakuu wa idara na kusema, "Mutazame hii. Hii njo kazi." Kuhusu maji hakuuliza. Mimi nikaanza kuandika yale yasiyoulizwa kwa ufupi zaidi. Mwezi wa tatu niligundua kwamba nilikuwa nimepiga mashine maneno "maji: hali ya kawaida" kabla sijatoka biro kwenda kuyatazama.

Salongo nayo ikahama. Hakuna aliyetoa amri ya kuacha mabwawa. Citoyen Ekanga alisema tu kwamba mlango wa kiwanda unatia haya, na kwamba mgeni haendi kwenye mabwawa, mgeni anapita mlangoni. Jumamosi hiyo tulipanda maua. Iliyofuata tulipanga mawe njia nzima kutoka mlangoni mpaka biro, tukayapaka chokaa. Ni nani aliyepewa kuyapanga? Citoyen Rula. Nilivuta kamba. Kila jiwe lilikuwa hatua moja kutoka kwa mwenzake. Mkurugenzi alisimama barazani na wageni wake, akanionyesha kwa kidole, nikainamisha kichwa ili wasione ninavyotabasamu.

Papa Kipwe alikuwa anamaliza muda wake. Aliniangalia nikipaka mawe.

"Jiwe lilikuwa na uchafu gani?" akauliza.

"Ni agizo, Papa."

"Agizo la kupaka jiwe nilisikia. Agizo la kuacha bwawa nani alikupa?"

Hakuna aliyenipa. Mwezi uliofuata alirudi kwao Moba. Kabla ya kupanda meli alinipa reki yake, akakariri sheria yake ya mguu na mkono, akaongeza kwamba tope liko kwenye alama ya tatu. Mnajua ule mti wa kupimia, wenye alama alizozikata kwa kisu. Kwenye alama ya tatu tulikuwa tunasafisha daima. Yeye alipoondoka, salongo ya mabwawa ilikuwa haijafanyika kwa miezi minne.

Tope lilipofika alama ya nne nilipata hofu. Nilikaa kwenye mashine, nikaandika ndani ya ripoti kwamba mabwawa yamejaa, kwamba mvua kubwa ikija hayatashika kitu, kwamba naomba Jumamosi mbili na watu wote. Ilikuwa aya fupi, ya kweli, yenye adabu. Lakini iliifanya ripoti ivuke ukurasa. Mistari miwili iliingia ukurasa wa pili, peke yake juu ya karatasi nyeupe, mibaya kuitazama. Mkurugenzi alitaka ukurasa mmoja. Nilijaribu kubana hapa na pale. Haikuingia. Nikaiondoa aya, nikajiambia nitamweleza kwa mdomo.

Sikumweleza. Kila nilipofika mlangoni pake niliona ana watu, au ana furaha.

Kisha tukaambiwa wakubwa wa wilaya watatembelea kiwanda siku ya Alhamisi, saa nne. Jumatano nilipaka mawe yote upya. Alhamisi alfajiri mvua ikanyesha, ile ya ziwani inayokuja kama mtu anamwaga ndoo. Saa mbili ilipopungua nilifika nikaona mambo mawili. Mawe yangu, safu ya kushoto, yalikuwa yameoshwa nusu. Na mfereji wa kwenda mabwawani ulikuwa umefurika, kwa sababu mabwawa yalikuwa yamejaa tope hayakumeza maji, na maji yenye manyoya yalikuwa yanarudi polepole kuelekea uwanja wa mbele, kwenye maua.

Nilikimbilia bwawa la tatu. Mikono yangu ilikuwa na chokaa mbichi, nilikuwa nimekwisha kuanza jiwe la kwanza. Nilishika gurudumu la vane ya chini. Nataka mjue nilikumbuka. Sitasema kwamba nilisahau. Kushuka mpaka kwa akina mama ni dakika kumi, kungoja watoe mihogo labda nusu saa, kupanda kurudi dakika kumi na tano. Nilikuwa na saa mbili. Ningeweza kushuka, wangetoa mihogo, ningefungua, na wageni wangekuta uwanja una matope kidogo na safu moja ya mawe yenye madoa.

Nilifungua vane mpaka mwisho. Nikarudi kupaka mawe.

Citoyen Ekanga hakuniambia nifungue. Wakati huo alikuwa nyumbani akivaa. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa kusema kwamba ni yeye, na kwa namna moja ni kweli, lakini si kwa namna niliyokuwa nasema. Mkubwa hahitaji kuamuru. Anatazama kitu fulani kila siku, na sisi wa chini tunakimbilia kukifanya kizuri, na kile asichokitazama tunakiacha kioze. Mulongo alitazama chupa. Ekanga alitazama mawe. Hayo ni yao. Lakini gurudumu lilizungushwa na mikono ya nani?

Saa tano wageni walikuwa uwanjani, wamekwisha kusifu maua, Mama Feza alipofika mlangoni. Hakuwa peke yake, lakini wengine walisimama nje. Yeye aliingia na beseni kichwani, mlinzi akimfuata akisema "Mama, Mama, Mama." Alishusha beseni katikati ya njia, kati ya safu zangu mbili za mawe. Mihogo ilikuwa myeusi, imeshikwa na manyoya ya ng'ombe kama imeota ndevu.

"Wakubwa, muko salama?" akasema. "Hii njo bukari yetu ya juma hili. Muionje."

Mmoja wa wageni akarudi hatua nyuma. Citoyen Ekanga hakukasirika, alisikitika kweli, niliona usoni. Akaniita.

"Citoyen, kulitokea nini?"

Walinitazama wote. Mama Feza pia alinitazama, na hakuongeza neno lolote, yeye ambaye hajawahi kukosa neno. Alitazama uso wangu, kisha mikono yangu.

"Ukuta wa bwawa la tatu umepasuka," nikasema. "Ni mvua, Citoyen Directeur."

Akanishukuru. Aliwaeleza wageni kwamba mvua ya mwaka huu imezidi, akamwambia Mama Feza kwamba kiwanda kitatengeneza ukuta upesi. Mama Feza akajitwisha beseni lake akatoka.

Kesho yake akaja fundi mwashi na saruji. Tulitembea naye kando ya ukuta wa bwawa la tatu, kwenda na kurudi.

"Iko wapi?"

"Hapa," nikamwonyesha mahali.

Akapiga kwa mpini wa mwiko wake. Ukuta ukalia kwa sauti nzito, nzima. Akanitazama. "Citoyen, huu ukuta utatuzika siye wote." Alikuwa na agizo la karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na ufa. Basi akachanganya saruji, akapiga kiraka, akakisawazisha. Mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia upande wa kushoto haujanyooka.

Hicho ndicho kiraka nilichoulizwa.

Akina mama walijaribu. Waliosha mashimo, wakatoa tope, wakaloweka tena. Lakini tope la miezi ile yote lilikuwa limeteremka kwa saa moja, chokaa na mafuta vimeingia kati ya mawe, na mihogo ilitoka na ladha ambayo watu waliitambua sokoni. Baada ya msimu mmoja wakahamia kijito cha nyuma ya kilima, mwendo wa saa nzima, na mabeseni kichwani. Kumi na mmoja walipungua wakawa saba. Salongo ya mabwawa ilirudi, kweli. Niliiomba mwenyewe juma lililofuata, na Citoyen Ekanga alikubali papo hapo, bila swali. Angekubali mwezi mmoja kabla. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya kama angekataa.

Yaliyofuata mnayajua, miaka ya kazi ya kawaida. Ekanga akaondoka, akaja huyu tuliye naye. Niliwafundisha ninyi sheria ya mguu na mkono kana kwamba mimi niliifuata.

Juma lililopita nilikwenda kumtafuta Mama Feza. Nimekuwa na nafasi. Nilimkuta uani pake anaanika mihogo, amekonda kidogo, sauti haijakonda. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nimeyaandika na kuyasahihisha. Nilipofika nikasema tu, "Mama, ukuta haukupasuka. Ni miye nilifungua."

Hakuacha kugeuza mihogo.

"Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ileile. Unafikiri nilikuja kwenu kwanza? Nilipanda kwenye bwawa kwanza, kuona. Ukuta muzima. Na gurudumu, alama za vidole, nyeupe pepepe. Njo nikaja huko kwenu na beseni, nikakuona na mikono yako vilevile nyeupe."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kwani ni miye walimwuliza?" Akainua macho. "Nilikuwa nangoja wewe useme. Nilisema, huyu ni mutoto wa Papa Kipwe, atasema. Nikangoja. Nikaona unasema mvua."

Nikakaa chini, juu ya kinu kilicholala. Hakunifukuza. Akauliza, "Sasa mukurugenzi ni nani?"

"Ni mwingine, Mama. Wa tatu."

"Yeye anajua?"

"Hapana."

"Anajuaka kwamba kulikuwa wamama kule chini?"

"Sidhani."

"Basi bado haujasema," akasema, akarudi kwenye mihogo yake. "Umeniambia miye, mwenye kujua."

Ndiyo maana karatasi hizi ni mbili mbili. Nakala mliyo nayo ni ya kaboni. Jana asubuhi, kabla ya saa moja, nilipita bwawa la tatu na chupa ya limonadi, nikachota pale maji yanapotokea. Mlinzi aliniruhusu, bado ananiona wa kazini. Nakala ya kwanza naiweka leo juu ya meza ya mkurugenzi, na chupa juu yake ili upepo usizipeperushe. Chupa hiyo msiache aitupe. Akiitupa, kesho yake pelekeni nyingine, na kesho kutwa nyingine, mpaka azoee kuitazama, naye akihamishwa ibaki mezani.

Nilipomaliza kupiga mashine niliona kwamba mistari miwili imevuka ukurasa, iko peke yake juu ya karatasi nyeupe.

Nimeiacha hivyo.